Kuku Mmoja na Nusu

Atupele anakaa Tukuyu, ambako mvua hunyesha hata siku za jua. Anakaa na Baba, Mama na kaka yake Ambokile.

Atupele hakuzaliwa katika nyumba hii. Aliletwa akiwa mtoto mchanga, amefungwa blanketi la njano. Mama alimpokea akasema, "Karibu nyumbani, mwanangu."

Atupele anajua habari hiyo. Siku nyingi huipenda. Siku nyingine humkaa tumboni kama ndizi mbichi.

Jumapili ya mavuno ilikuwa imekaribia. Siku hiyo kila familia huvaa sare, hubeba ndizi na maharage, na kwenda mbele kanisani pamoja.

Shangazi Lugano, dada yake Baba, alikwenda kununua kitambaa. Shangazi hakosei kamwe. Tunajua hivyo kwa sababu husema mwenyewe.

"Wifi, umehesabu watu wote?" Mama aliuliza.

"Wote, mmoja mmoja," alisema Shangazi. "Na futi sikuhitaji. Macho yangu ndiyo futi."

Kitambaa kilikuwa cha bluu, chenye kuku wa njano. Kuku wenyewe walikuwa wanene, wenye maringo.

Mama akakaa kwenye cherehani.

Keke, keke, keke.
Kitambaa kinapungua.

Likatoka shati la Baba. Baba ana kitambi, kwa hiyo kuku wengi walihamia huko.

Keke, keke, keke.
Kitambaa kinapungua.

Likatoka gauni la Mama. Likatoka shati la Ambokile, ambaye alipimwa huku amevimbisha kifua.

Atupele akachungulia mezani. Kilibaki kipande kidogo tu. Kuku mmoja na nusu.

"Mtu mmoja atakosa," aliwaza. "Ni mimi. Mimi si nilikuja mwisho?"

Atupele hakulia. Alichukua gauni lake la zamani, akalikunja vizuri.

"Mama, mimi nitavaa hili," alisema. "Nitakaa nyuma, karibu na mlango. Pale kuna upepo mzuri."

Cherehani ikanyamaza.

"Ukae mlangoni kwa nini?" Mama aliuliza.

"Kitambaa kimeisha. Na mimi sikuzaliwa hapa."

Mama alimshika mkono, akampeleka chumbani. Nyuma ya mlango lilining'inia gauni dogo la bluu. Lilikuwa na mkanda mpana wa kufunga kiunoni, na kuku wake walikuwa wazima, hata kucha.

"Nililishona jana, ulipokuwa shuleni," alisema Mama. "Nilikata lako kwanza, kitambaa kikiwa kizima."

Mama akampakata. "Yesu alilelewa na Yusufu, yule seremala. Yusufu hakumzaa. Unadhani alimweka mlangoni?"

"Hapana," alisema Atupele.

"Mungu ndiye aliyekuleta kwetu. Wewe ni mwanangu. Hata siku ninapokukaripia."

Ile ndizi mbichi ikatoweka tumboni. Atupele akafikiri kidogo. "Mama, sasa ni nani aliyekosa?"

"Hodi, hodi." Shangazi Lugano akaingia. "Nimefuata gauni langu."

Mama akatazama meza. Ambokile akatazama dari.

Shangazi akaanza kuhesabu kwa kidole. Baba. Mama. Ambokile. Atupele. Kidole kikageuka polepole, kikamgusa yeye mwenyewe kifuani.

"Lo," alisema Shangazi. "Nimejisahau."

Akaketi. "Basi, mimi nitakaa nyuma, karibu na mlango."

Maneno hayo Atupele aliyajua. Alikimbia chumbani, akarudi na ule mkanda mpana.

"Jifunge kichwani, Shangazi," alisema. "Huwezi kukaa mlangoni. Wewe ni wa kwetu."

Jumapili wakaenda mbele pamoja. Baba, Mama, Ambokile, Atupele, na Shangazi mwenye kilemba cha kuku. Shangazi aliwaambia watu kwamba alipanga iwe hivyo tangu dukani.

Usiku mvua ilinyesha, pa, pa, pa. Baba akaomba, "Asante, Mungu, kwa ndizi, kwa maharage, na kwa Atupele uliyetupatia. Amina."

Atupele akajifunika blanketi lake la njano. Pembeni lilikuwa na tundu, na Mama alikuwa ameliziba kwa kile kipande kidogo cha bluu kilichobaki.

Kuku mmoja na nusu wakalala. Atupele naye akalala, nyumbani kwao.