Mzigo wa Mikdad

Walikutana mnadani, soko la samaki Bagamoyo, asubuhi ambayo pa kuweka mguu hapakuwepo. Shufaa, fundi cherehani, alivaa baibui jeusi la darizi za zambarau, alilolishona pana makusudi. Alitaja bei ya fungu la changu. Kijana mwembamba mwenye kofia ya kufumwa akapandisha bei juu ya yake. Shufaa akataja nyingine, kijana akapandisha tena.

"Kaka, unanikomoa?"

"Sikukomoi, dada. Natafuta njia ya kukusemesha."

Shufaa akaondoka na changu, kijana akaondoka na namba ya simu. Aliitwa Mikdad, dereva wa trekta kwenye mashamba ya Makurunge. Miezi mitatu simu hazikukatika.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula, nimeshiba."

Shufaa alikuwa akidanganya. Tangu shangazi yake aseme mbele ya watu kuwa gauni lake moja linavisha maharusi wawili, chakula chake cha mchana kilikuwa chai chungu ya kupunguza tumbo, aliyoificha kwenye droo ya cherehani.

Mwezi wa nne Mikdad akabadilika. Simu ikilia, hutoka kuzungumzia nje. Begi lake hataki liguswe. Na amenawiri! Mashavu yamejaa, shingo imetuna. Shufaa alimtazama akajiambia: mwanamume hanenepi kwa upepo. Huyu kuna mahali anapikiwa.

Alasiri moja Mikdad alivuka barabara kwenda kuswali, simu akaisahau kwenye meza ya cherehani ya Shufaa. Ikalia. Jina kwenye kioo: Mina. Shufaa akapokea, kimya.

"Mzigo wako umefika. Uje leo dukani, hapa nyuma ya stendi."

Mikdad aliporudi hakuulizwa kitu. Alipoaga tu, Shufaa akajitanda mtandio akaenda, maneno ya ugomvi yamepangana mdomoni.

Lilikuwa duka la vipodozi. Mina, mama wa makamo, alimpima kwa macho toka utosini hadi kwenye kandambili.

"Karibu mwanangu. Unapunguza tumbo? Wanawake wanaoingia humu ni tumbo na nyonga. Wanaume ni kifua na mashavu. Wa kuniambia amejipenda alivyo sijampata."

"Nimefuata mzigo wa Mikdad."

"Ah, yule wa kunenepa!" Akatoa pakiti ya vidonge visivyo na jina. "Maskini, ana bibie mwenye umbo lake. Wenzake kazini wanamcheka, eti siku ya harusi bibi ndiye atakayembeba bwana."

Maneno ya ugomvi yakamwishia Shufaa. Kwenye rafu, nyuma ya bega la Mina, aliona chai yake mwenyewe, pakiti ileile.

Kesho yake Mikdad alipokuja, alimkuta amekaa, mikono mapajani.

"Mina ni nani?"

"Shangazi yangu wa Mlingotini."

"Shangazi anauza vidonge?"

Mikdad akainama. Shufaa akapiga magoti, akampandishia suruali na kumbonyeza muundi kwa kidole. Pakabaki shimo.

"Hii si nyama, Mikdad. Umevimba!"

"Nikisimama nawe naonekana mdogo wako, Shufaa. Ungenichoka."

Alitaka kumkaripia, lakini kwa mdomo gani? Akavuta droo, akamwekea ile chai mezani. "Nami nashinda na hii. Nilidhani unaye mwembamba wako."

"Unapunguza nini?" Mikdad aliuliza kwa uchungu hasa. "Mimi mnadani nilifuata huohuo mwili!"

"Na mimi namba nilimpa yule mwembamba. Huyu aliyetuna simjui."

Asubuhi walikuwa hospitali. Daktari alivigeuza vile vidonge mkononi, akaagiza vipimo vya damu, akaonya vingeweza kumharibia figo. Kabla ya kuingia maabara Shufaa alilipekua begi lote, kila mfuko, na Mikdad akamshikia zipu bila kunung'unika.

Nesi akainua kalamu. "Wewe dada ni nani wake?"

"Andika mke," Mikdad akadakia.

"Mke gani, nawe posa hujaleta?"

"Naleta Ijumaa."

Shufaa alimkazia macho, kama anayetafuta alipoficha uongo mwingine. Mikdad hakukwepesha yake.

"Andika mchumba," Shufaa akamwambia nesi. "Ijumaa tutaona."