Kuku wa Mashine ya Evariste

Kila asubuhi Marcelline aliwahutubia samaki. Aliwamwaga sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kwenye sinia. Aliwatazama kwa macho makali kama mkuu wa shule, kisha akawaambia wazi: "Leo hakuna mwenye kubaki." Baada ya hotuba aliwakaanga, akawapeleka kuuza sokoni Birere, mjini Goma. Mara nyingi walitii.

Aliishi mtaa wa Majengo na binti yake Igihozo, mwenye miaka kumi na saba. Nyumba yao ilikuwa ya mbao, juu ya mawe meusi ya volkano. Ukutani kulikuwa na picha ya Evariste, baba wa Igihozo, fundi wa kushona, na mita ya kupimia shingoni. Katika picha hiyo hakucheka. Mpiga picha alimwambia asicheke, na Evariste alikuwa mtu wa kuheshimu mafundi wenzake.

Lakini nyumbani alicheka sana. Igihozo alipokuwa na miaka minane, alichukua msumari akachonga kuku juu ya meza ya mashine ya baba yake. Mkono ulimteleza. Kuku akatoka na miguu mitano. Marcelline alianza kutafuta fimbo. Evariste alivaa miwani, akamchunguza kuku kwa muda mrefu, halafu akatoa hukumu.

"Huyu hata akiibiwa, atarudi nyumbani mbio."

Kesi ikaisha. Fimbo ikarudi jikoni.

Mwaka huohuo, 2012, mwezi wa kumi na moja, waasi waliingia Goma. Polisi waliondoka. Kwa siku kadhaa hapakuwa na mtu wa kupelekewa shtaka. Asubuhi moja Evariste alikutwa amekufa dukani kwake Birere, na jeraha la kisu. Mashine yake haikuwepo.

Mwanamume wa duka la jirani alimshika Marcelline mkono. "Pole, mama," alimwambia. "Ni vita."

Watu wote walisema hivyo wiki ile. Mwanamume huyo alisaidia hata kubeba jeneza. Mkuu wa mtaa alipouliza mume alikufaje, Marcelline alijibu neno alilopewa: "Vita." Mkuu akaliandika kwenye karatasi, akapiga muhuri. Hakuna aliyeuliza tena.

Moyoni, hata hivyo, Marcelline alikuwa na jina la muuaji. Mzee Habarurema, mwenye nyumba ya duka la Evariste, aligombana naye kwa sababu ya paa lililovuja. Waligombana mbele ya watu, siku mbili kabla ya kifo. Tangu hapo Marcelline alipita mbele ya geti la Habarurema bila kumsalimia. Siku nyingine alitema mate, ila mbali kidogo, kwa adabu.

Mwezi wa tano mwaka 2021 volkano ililipuka. Ardhi ilitetemeka siku nyingi, na serikali ikaamuru watu watoke mjini. Njia ya kwenda mji mdogo wa Sake ilijaa watu, mbuzi na magodoro. Kila mtu alibeba kile alichokipenda zaidi. Marcelline alibeba sinia la samaki na picha ya Evariste. Ardhi ilipotulia, walirudi.

Siku chache baadaye jirani yao Apolline aliingia uani. Apolline alikuwa mwandishi wa habari, na ofisi yake ilikuwa mtaa wa Himbi. Alikaa juu ya kibao karibu na moto.

"Mama Igihozo, tuko natengeneza podikasti juu ya batu benye baliuawa na kesi yabo ililala. Ninataka kusema juu ya Papa Evariste."

"Mutatengeneza na nani?"

"Podikasti."

"Papa Kasti. Sawa." Marcelline aligeuza samaki. "Huyo papa anakaa Himbi?"

Igihozo alipatwa na kikohozi cha ghafla, akaenda kukohoa nyuma ya nyumba.

"Haiko mutu, mama," alisema Apolline. "Ni kipindi cha sauti. Redio inasema, inapita. Hii inabaki ndani ya simu. Leo utasikia weye, kesho utatumia dada yako, naye atatumia mwenzake wa Butembo. Mutu mwenye aliona kitu zamani, itamufikia hata kama alihama."

"Lakini ilikuwa vita. Nilisema vita, na waliandika."

"Mashine ilienda wapi?"

"Vita ilibeba."

Apolline alimtazama kwa upole. "Mama, vita ilikuwa inataka kushona nini?"

Samaki waliungua siku ile, na Marcelline hakuwaona. Kwa miaka yote hiyo neno moja dogo lilikuwa limekaa mlangoni kwake kama jiwe, na ni yeye aliyeliweka.

"Sasa nitafanya nini?" aliuliza mwishowe.

"Kwanza tuende kwa wakili, na yeye atatupeleka auditora."

Auditora ni ofisi ya mashtaka ya kijeshi. Wakati ule kesi za mauaji mjini zilipelekwa huko. Wakili aliwaeleza jambo ambalo Marcelline hakuwahi kulisikia. Kwa kesi kama hii sheria inahesabu miaka kumi. Ikipita bila uchunguzi wowote, mlango unafungwa.

"Na sisi tuko ndani ya mwaka wa tisa," alisema wakili. "Si mapema. Lakini hamujachelewa."

Basi waliandika malalamiko. Marcelline alitia alama ya kidole chake. Afisa aliyapokea, akasema kwamba bila shahidi ni vigumu. Hapo ndipo kazi ya Papa Kasti ilipoanza.

Walirekodi chumbani, chini ya blanketi, ili kelele za pikipiki zisiingie. Marcelline alijifunga kitenge chake cha ibada. Aliisalimia simu kwa heshima, akaiuliza habari za nyumbani. Kisha alisimulia. Alieleza jinsi Evariste alivyokata kitambaa huku akiimba, na alivyojifanya kusahau kuwatoza mayatima wanaoshonesha nguo za shule. Blanketi lilikuwa na joto. Wote watatu walikuwa na macho mekundu, na kila mmoja alisingizia joto.

Halafu Marcelline alinyooka. "Na mutu mwenye alimuua ninamujua. Anaitwa Ha..."

Apolline alizima simu.

"Mbona unanikata?"

"Ulimuona, mama?"

"Hapana."

"Nani alimuona?"

"Roho yangu."

"Roho yako haiwezi kuitwa kwa tribinali. Sikia. Kama si yeye, batu batasikia jina na batachoma nyumba ya mutu bure. Kama ni yeye, atasikia mbele ya bote, atakimbia. Jina unapeleka kwa afisa, na yeye anachunguza. Hapa tunauliza swali moja tu: nani aliona mashine?"

Marcelline alinuna. Lakini jina alilimeza.

"Basi tutasema kuku," Apolline aliendelea. "Mashine nyeusi, meza ya mbao, kuku alichongwa na msumari. Miguu hatutasema."

"Kwa nini?" aliuliza Igihozo. Aliumia kama msanii. "Miguu ndiyo uzuri wake."

"Ni juu ya ule uzuri. Muongo atasema aliona kuku. Mwenye aliona kweli, atasema miguu."

Kipindi kilitoka siku ya pili. Wauza samaki wa Birere walikisikiliza kwenye simu moja, watu sita. Waliobaki walisimuliwa, na kuongezewa chumvi kidogo. Mjini kote watu walisema, "Papa Kasti anatafuta kuku."

Simu zilianza kuingia. Mtu mmoja aliiona mashine Bukavu. Kuku wake alikuwa mzuri, mwenye miguu miwili. Mwingine aliapa kwa jina la mama yake kwamba miguu ilikuwa minne. Huyo labda alimfikiria mbuzi. Apolline aliwashukuru wote, akaandika kila neno, wala hakumcheka mtu mpaka akate simu.

Wiki ya tatu alipiga mwanamke kutoka Sake, mfanyabiashara wa maharage, mzaliwa wa Butembo. Tumwite Katungu. Jina lake la kweli tumelificha, na Butembo akina Katungu ni wengi, kwa hiyo usijisumbue.

"Sijui kama ni ile," alisema. "Wakati ya volkano batu balilala ndani ya madarasa ya masomo, hapa Sake. Papa mumoja alikuja na mashine juu ya chukudu. Batoto bangu balimucheka ule kuku siku muzima. Alikuwa na miguu tano."

Apolline aliandika "tano", akapiga mstari chini yake. Marcelline, aliyekuwa karibu yake, aliomba mwanamke arudie hesabu ya miguu.

Jambo lile Apolline hakulitangaza. Hakwenda kumtafuta yule mtu mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, ingawa miguu ilimwasha. Alimpeleka Katungu kwa wakili, na wakili akampeleka auditora. Sauti ya Katungu haikusikika katika kipindi, ili asipate matata kwa kusema kweli.

Katungu alikumbuka kwamba papa yule alijiita fundi wa Majengo, na maafisa waliikuta mashine hukohuko, barabara tatu kutoka kwa Marcelline. Mwenye nayo alikuwa fundi Télesphore. Hakukimbia. Alifungua droo ya mashine, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Miye nilinunua," alisema. "Tuliandika."

Watu wa Goma wana desturi hii nzuri. Mtu akinunua mbuzi, baiskeli au mashine, wanaandika karatasi, muuzaji anatia sahihi, na mashahidi wawili pia. Volkano ilipolipuka Télesphore aliacha kitanda, lakini karatasi alikimbia nayo. Tarehe ilikuwa ya mwezi wa kumi na mbili, 2012. Jina la muuzaji lilikuwa wazi.

Afisa alimsomea Marcelline jina lile. Halikuwa la Habarurema. Lilikuwa la mwanamume wa duka la jirani, aliyemshika mkono na kumpa lile neno.

Marcelline alilirudia jina lile polepole.

"Alibeba jeneza," alisema. "Upande wa kichwa."

Igihozo alimkumbatia mama yake.

Mtu huyo alikamatwa. Jina lake hatuliandiki hapa. Mahakama bado inamsikiliza, na Apolline angetufokea.

Jumamosi iliyofuata Marcelline alikaanga sambaza wazuri kabisa. Hakuwahutubia. Aliwafunika kwa kitambaa safi, akaenda mpaka kwenye geti la Habarurema. Mzee mwenyewe ndiye aliyefungua.

"Muzee, nimekuletea samaki."

Habarurema alitazama sahani, kisha akamtazama yeye. "Mama, miaka tisa haukunisalimia."

"Ndiyo. Leo nimekuja kusalimia yote."

Mzee alifikiri. "Basi ingia ukae," alisema. "Itachukua muda."

Walikula pamoja. Marcelline alimweleza jina gani alikuwa amelibeba moyoni, na mahali lilipokatwa, chini ya blanketi. Mzee aliacha kutafuna. Aliitazama nyumba yake, mbao kwa mbao, mpaka darini.

"Uniambie siku ile Papa Kasti atapita huku," alisema polepole. "Nitamununulia chakula."

Marcelline hakumsahihisha.

Mwisho wa mwaka waliitwa auditora kuitambua mashine. Karatasi mpya ilikuwa tayari mezani. Pale palipoandikwa "vita", sasa paliandikwa "aliuawa". Marcelline aliomba asomewe mara mbili.

Afisa alimgeukia Igihozo. "Ni weye ulichora hii kuku?"

"Ndiyo, afande."

"Muguu wa tano ni wa nini?"

Igihozo alisimama wima kama yuko mbele ya darasa. "Afande, ule ulikuwa mukia. Sikujua kuchora."

Afisa aliandika hivyo, bila kucheka, kwa shida kubwa.

Mashine ilipaswa kubaki pale mpaka kesi iishe. Marcelline aliomba dakika moja. Alipitisha kidole juu ya mgongo wa kuku, akashuka mguu mmoja mmoja, mpaka wa tano.

"Weye na miguu yako yote hiyo," alimwambia kwa sauti ndogo, "miaka tisa ulikuwa wapi?"