Sharubati ya Shukrani

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Wanza aliwasha stovu ya mafuta ya taa, akateleka sufuria kubwa ya maji, akasimama kando kuyangoja. Hakuruhusiwa kuyaepua yakianza tu kuimba. Baba yake alitaka yatokote hasa, ndipo yamiminwe katika jerikani lililofungwa uzi mwekundu shingoni. Jerikani lisilo na uzi lilikuwa la kufulia na kupigia deki.

Mpango wa uzi ulikuwa wa baba mwenyewe. Mvua za El Niño zilikuwa zimeipiga Nairobi miezi mingi. Mitaro ya mtaa wao wa Umoja ilifurika, na mabomba yaliyopasuka chini ya ardhi yakanywa uchafu wa mitaro. Kipindupindu kikaingia mjini. Siku gari la afya lilipopita na kipaza sauti kuwaonya watu, jirani mmoja alicheka dirishani.

"Hicho ni cha watu wa mabanda kule mtoni! Sisi tuna mfereji wa bomba, bwana!"

Mzee Mbaluka, baba yake Wanza, hakucheka. Alikuwa karani, na pia mwenyekiti wa wapangaji wa jengo lao. Alinunua uzi mwekundu, akapita mlango kwa mlango akiufunga kwenye jerikani moja la kila nyumba. "Lenye uzi ni la maji yaliyochemshwa," alisema. "Lisilo na uzi msinywe." Watu walimsikiliza. Majengo jirani yalipata wagonjwa; jengo lao halikupata hata mmoja.

Kisha mvua ikapungua, na gari la afya likaacha kupita. Mwalimu Javan aliwaambia wanafunzi wa darasa la Wanza, "Ugonjwa ukipungua si kwamba umekwenda zake. Endeleeni kuchemsha. Tena msiyazimue maji yaliyochemshwa kwa maji mabichi. Mkifanya hivyo, ni kama hamkuchemsha."

Lakini mtaani watu walikuwa wamechoka. Mafuta ya taa yalipanda bei, na maji ya moto yalikawia kupoa. Wanza alipotoka shule jioni moja, Rayyan, mjukuu wa jirani yao Bi Mwanasiti, alikuwa ameinama mferejini akinywa kwa viganja.

"Niaje, Daktari wa Maji!" alimwita huku kidevu kikidondosha maji. "Bado mnachemsha? Hiyo stori iliisha kitambo."

"Nani amekwambia imeisha?"

"Kila mtu. Hata babako anasema Jumapili tunafanya sherehe."

Ilikuwa kweli. Mzee Mbaluka alikuwa ameamua kwamba wapangaji wamshukuru Mungu kwa kuwaepusha. Jumapili hiyo viti vilipangwa uani. Bi Mwanasiti alipika pilau iliyonukia hadi barabarani, mama yake Wanza akapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kwa maharagwe, na watoto wakaning'iniza karatasi za rangi kwenye kamba za kuanikia nguo. Ndete, mdogo wake Wanza aliyekuwa na umri wa miaka minne, alizunguka beseni la sharubati ya ukwaju kama nzi.

"Wanza, nipe. Kidogo tu."

"Ngoja ipoe."

Bi Mwanasiti alikuwa ameitengeneza kwa maji yaliyochemshwa, na mvuke bado ulipanda. Sala zilikwisha, wageni wakanyoosha vikombe. Mzee Mbaluka alichungulia beseni, akacheka.

"Nani atakunywa sharubati inayofuka moshi? Tutaungua ndimi siku ya furaha! Mwaitu, chukua jagi, chota maji mferejini uizimue."

Alimwita hivyo, 'mama yetu' kwa Kikamba, kwa kuwa Wanza alipewa jina la bibi yake, mama mzazi wa baba. Kwa kawaida Wanza alilipenda jina hilo. Safari hii lilimwelemea.

"Baba, mwalimu amesema tusi..."

"Mwalimu amesema, mwalimu amesema!" Baba aliwageukia wageni. "Jamani, leo ni siku ya shukrani au siku ya darasa?"

Ua mzima ulicheka. Wanza alimtazama mama. Mama alifungua mdomo, akawaona wageni, akaufunga, akaendelea kupakua muthokoi.

Wanza alichukua jagi. Maji ya mfereji yalitoka meupe, safi kwa macho, wala hayakuwa na harufu. Aliyatia kwenye beseni, akakoroga. Ndete alikuwa wa kwanza kunyoosha kikombe. Wanza alikijaza. Kisha akatumwa kumpelekea Mzee Njogu, bawabu aliyeishi peke yake katika chumba kidogo kando ya lango.

"Ahsante, mjukuu wangu," alisema mzee, akakimaliza kikombe bila kupumua. "Kama kimebaki, usininyime cha pili."

Wanza akamletea cha pili.

Jumanne alfajiri Ndete alianza kuharisha. Kilichotoka kilikuwa cheupe kama maji ya kuoshea mchele. Akatapika, akaharisha tena, na kabla jua halijachomoza macho yalikuwa yamezama na ngozi ya vidole imekunjamana. Wanza alichukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, akatia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, kama alivyofundishwa. Alimnywesha kijiko baada ya kijiko. Ndete alimeza, akatapika. Alimeza tena. Midomo yake ilibaki mikavu.

"Haiingii, Mama," Wanza alisema.

"Endelea, mwanangu. Endelea tu."

Baba alimfunga Ndete mgongoni kwa leso ya mama, akatoka bila viatu. Wanza alimfuata na chupa. Milango ya jengo ilikuwa ikifunguka mmoja mmoja, na ndani ya nyumba nyingine pia watu walisikika wakitapika.

Katika kituo cha afya mahema yalikuwa yamepigwa uwanjani na kuzungushiwa kamba. Mlangoni palikuwa na magodoro yaliyoloweshwa dawa ya kuua vijidudu, na kila aliyeingia aliyakanyaga. Ndete alilazwa kwenye kitanda cha turubai chenye tundu katikati na ndoo chini yake. Wanza na baba walizuiwa nje ya kamba. Waliona kwa mbali daktari, jina lake Wekulo, akiushika mkono mwembamba wa Ndete, akiuchoma sindano, akiitoa, akitafuta mahali pengine.

"Mshipa umejificha," alisema. "Amekauka sana."

"Nifanye nini, daktari?" baba aliuliza.

"Ungoje."

"Nifanye nini kingine?"

"Ungoje, mzee wangu. Na unawe mikono pale."

Baba alikwenda kunawa. Alirudi, akasimama, akaenda kunawa tena. Mtu aliyejulikana jengo zima kwa mipango sasa hakuwa na mpango wowote. Wanza alishika kamba kwa mikono miwili. Alitaka Ndete ageuze kichwa amtazame. Ndete hakugeuka. Kwenye kitanda cha jirani yake alikuwa amelala msichana mwenye soksi moja. Baadaye walipotazama, kitanda kilikuwa kitupu na mtu alikuwa akikifuta kwa dawa.

Rayyan alikuja mbio mchana, hana mzaha wowote usoni.

"Bibi anaumwa, wanamleta na mkokoteni. Na Mzee Njogu... Tuligonga kwake hakuitika. Wamevunja mlango. Amefariki, Wanza. Alikuwa peke yake."

Wanza aliketi chini matopeni. "Mimi ndiye niliyempelekea," alisema. "Vikombe viwili."

Mzee Mbaluka alichuchumaa mbele yake. Wanza hakuwahi kumwona baba akilia, na sasa hakujua atazame wapi.

"Wewe ulibeba, mwaitu," baba alisema. "Aliyetuma ni mimi. Tena ulinionya, nikakufanya kichekesho mbele za watu. Mzigo huu usiushike. Ni wangu."

Jioni ile mshipa ulikuwa umepatikana, na chupa za maji ya dawa zilikuwa zimeingia mwilini mwa Ndete moja baada ya nyingine. Kesho yake asubuhi aligeuza kichwa, akamwona dada yake nje ya kamba.

"Wanza," aliita kwa sauti ya kukwaruza. "Nina njaa. Nataka mandazi."

Daktari Wekulo alicheka kwa mara ya kwanza. "Huyu atakwenda nyumbani."

Bi Mwanasiti pia alipona, na wengine wa jengo wakarudi mmoja mmoja. Mzee Njogu hakurudi. Baada ya mazishi wapangaji walikusanyika uani, palepale palipokuwa na beseni. Karatasi za rangi zilikuwa bado zinaning'inia, zimelowa. Mzee Mbaluka alisimama.

"Tulisema ugonjwa umekwisha," alianza. "Jamani, tulidanganyana. Ugonjwa haukuwa umekwisha. Tuliokwisha ni sisi. Tulichoka kuchemsha maji, tukauita uchovu wetu ushindi, tena tukaufanyia sherehe. Ugonjwa haujui kama mtu amechoka. Na mtoto alipotukumbusha, tulimcheka kwa kuwa ni mtoto. Neno la kweli halina umri. Anayeniona mimi mwenyekiti nikilegea tena, hata akiwa wa miaka minne, anikemee mbele za watu."

Hakuna aliyecheka. Bi Mwanasiti, akiwa bado dhaifu kitini, alisema, "Amina, baba. Uzi mwingine upo? Wangu ulikatika."

Ndipo Ndete alipovuta shati la baba. "Nina kiu."

Wanza alileta kikombe cha maji yaliyotoka tu motoni. Mvuke ulipanda. Mferejini, hatua chache kutoka pale, maji baridi yalidondoka tone tone. Mzee Mbaluka alikiweka kikombe juu ya jiwe, akampakata mwanawe.

"Yatapoa," alisema. "Tutangoja."

Na watu wote uani wakangoja nao.