Jina Waliloipa Ruta

Mtoto wao alikuwa bado hajapewa jina, lakini ndani ya nyumba kilikuwepo kitu ambacho tayari kilikuwa nalo.

Gatera alijipatia riziki kwa ruta kuukuu, vile visanduku vya kusambaza intaneti nyumbani. Alizinunua kwenye nyumba za matajiri wa Kiyovu, Kigali, akafuta programu ya kiwandani, akaweka ile huria, akaziuza kama mpya. Moja aliiweka nyumbani kwao Gatsata. Programu ilipomtaka aupe mtandao jina, furaha ya baba mpya ikamponza: akaandika Ganza, jina lililokuwa likimsubiri mwanawe siku ya kwita izina, sherehe ya kumpa mtoto jina. Claudette, mkewe, alikasirika kwelikweli. Nani humtaja mtoto kabla ya siku yake?

Jioni hiyo simu ya Gatera ilionyesha kifaa kimoja zaidi kwenye mtandao.

"Jirani anatuibia," alisema, akabadilisha neno la siri. Kifaa hakikuondoka.

Ndipo Claudette aliposikia kunyonya. Mtoto alikuwa amelala mapajani pake, kinywa kimefumbwa. Sauti ilitoka rafuni, kwenye kile kisanduku kisicho na spika, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikajaa sebuleni, na kila taa za ruta zilipopepesa matiti yake yakavuja, yakavuja mpaka kitenge kikalowa chapachapa.

"Mukecuru, iko nini ndani?" Claudette alimnong'oneza Nyiramana, bibi wa mtaa aliyejua kufukuza mizimu, waliyemwita usiku huohuo.

"Umuzimu ilikuwa inatafuta jina. Nyinyi mumeipatia. Muchome hiyo kitu, na mtoto mumupe jina ingine."

Wakaichoma. Siku ya kwita izina watoto wa majirani walikaa mkekani wakala maharage, kisha, kama ilivyo desturi, kila mmoja akaombwa ampendekezee mtoto jina. Hakuna aliyekuwa amewaambia lolote.

"Ganza," akasema wa kwanza.

"Ganza."

"Ganza," wakaendelea mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ileile ya chini, mpaka Gatera akawafokea wanyamaze, na Claudette akamkumbatia mwanawe, na kinywani mwa mtoto ikamjia harufu ya maziwa yaliyochacha.

Simu ya Claudette ikatetemeka, maandishi yakatokea kwenye kioo: Ganza, imeunganishwa. Akaisogeza mbali na mtoto, mawimbi ya mtandao yakapungua. Akaiweka kifuani pa mtoto, yakajaa.

Mtoto akageuza uso, akitafuta. Claudette akamtazama. Angemwacha na njaa? Alikuwa wake. Akafungua blauzi.