Kichupa Kilichoonekana Kitupu

Kila siku ya shule, saa tisa na nusu alasiri, Violeth alitoka darasani akaenda moja kwa moja kwenye maabara alikofanya kazi mama yake. Nyumba yao ilikuwa mwisho kabisa wa kata ya Kambarage, mjini Shinyanga, na mama yake, Bi. Suzana, hakutaka akae huko peke yake. Basi alikaa karibu na dirisha, akafanya hesabu zake na kusubiri. Sheria ilikuwa moja tu: asiguse kitu. Kwa msichana wa darasa la sita mwenye vidole visivyotulia, sheria hiyo ilikuwa ngumu kuliko hesabu za sehemu.

Maabara hiyo ilichunguza kwa nini vidonda vya watu wengine havifungi. Mtafiti wake mkuu, Dk. Mwamvua, alikuwa na miezi mitatu akilea seli za ngozi ya binadamu ndani ya visahani vya plastiki. Nasema akilea kwa sababu alizilisha, alizibadilishia maji yake, na hata siku ya Idi alipita kuziangalia.

Ijumaa moja kililetwa kifurushi chenye barafu kutoka Dar es Salaam. Bi. Suzana alitia sahihi, akatoa kichupa kidogo cha kioo na kukiweka mezani, kisha akaitwa mlangoni na dereva aliyesahau karatasi zake. Violeth akakitazama. Kilikuwa na kizibo cha mpira na pete ya bati, lakini ndani hamkuwa na kitu, si maji wala unga.

Hapo akamkumbuka baba yake. Mzee Bartholomeo alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu upande wa Geita, na alirudi nyumbani kila mwisho wa wiki. Wachimbaji hupenda kuhifadhi punje zao kwenye vichupa vya dawa ya sindano vilivyokwisha, kwa kuwa kizibo cha mpira hakipitishi hata vumbi. Cha baba kilikuwa kimevunjika, na sasa alifungia punje zake kwenye kipande cha nailoni. Violeth alijiambia kuwa kitupu kama hiki kitatupwa tu, akakitia mfukoni mwa sketi.

Saa kumi na moja maabara nzima ilipinduliwa. Walitafuta kwenye jokofu, chini ya meza, mpaka kwenye pipa la taka. Bi. Suzana alimwuliza binti yake kama ameona kichupa chochote, naye akajibu kuwa hajaona. Alijitetea moyoni kwamba wao wanatafuta chenye dawa, na chake hakina kitu. Hata hivyo njia nzima aliushikilia mfuko wa sketi yake.

Nyumbani walimkuta baba. Violeth alimwamkia, akampa zawadi yake uani. Baba alifurahi sana, akasema atakifungua asubuhi, kisha akaenda mazoezi ya kwaya kanisani.

Wakati wa kupika ugali, mama alimweleza Violeth kwamba yeye ndiye aliyetia sahihi ya kukipokea kichupa kile, na kwamba kingine kingechukua wiki tano kufika. Seli zisipopata kilichomo kufikia kesho mchana, zingeacha kugawanyika, na kazi yote ya miezi mitatu ingepotea.

"Na atakayekiona atadhani ni kitupu," mama alisema. "Ni protini kidogo mno, imekaushwa ikashika kwenye kioo. Macho hayaioni."

Violeth aliendelea kusonga ugali. Akisema, mama atajua kuwa alidanganywa. Akinyamaza, labda wataletewa kingine. Alinyamaza, akaenda kulala na aibu yake.

Asubuhi alimkuta baba amekaa kwenye kigoda, kichupa mkononi, ameshaingiza ncha ya msumari chini ya pete ya bati.

"Baba, usikifungue," alisema, na machozi yakamtoka. "Kina kitu ndani. Nilikichukua maabara, na Mama aliponiuliza nilisema sijaona."

Baba aliweka msumari chini polepole, akamwita mkewe. Bi. Suzana alikichunguza kizibo na kukuta hakijaguswa. Akakaa chini palepale, akalia kwa kushukuru. Dakika kumi baadaye wote watatu walikuwa ndani ya bajaji.

"Mwangaluka, daktari," baba alisalimia kwa Kisukuma walipofika maabara, kofia mkononi. Dk. Mwamvua aliitikia, akasikiliza kila neno la Violeth bila kumkatiza. Akasema protini ikiwa kavu na kizibo kikiwa kizima, huvumilia usiku mmoja nje ya ubaridi. Kingefunguliwa na kusuuzwa, ingekuwa imekwisha.

Aliiyeyusha, akatia matone machache kwenye kila kisahani, huku akiwaeleza. Mwili wetu una protini inayoziamuru seli zigawanyike pale ngozi inapokatika. Wataalamu walichukua maelekezo ya kuitengeneza kutoka kwenye vinasaba vya binadamu, wakayapandikiza ndani ya bakteria, na bakteria wakaitengeneza kana kwamba ni mali yao.

"Kijidudu kinatengeneza kitu cha mtu?" baba aliuliza. Alipojibiwa ndiyo, alivua kofia tena, ingawa alikuwa ameshaivua na kuivaa mara mbili.

Jumatatu Dk. Mwamvua alimwita Violeth kwenye hadubini. Aliona seli nyingi zimelala kimya, na katikati yao moja ya duara, iliyojibana kiunoni. Alisubiri, hakuthubutu hata kukohoa. Baada ya robo saa zilikuwa mbili. Violeth alisisimka mwili mzima. Akatazama mkono wake mwenyewe, kovu la goti lake, akawaza kwamba jambo hili hili lilitokea pale bila yeye kujua, na akaogopa kwa furaha.

Mama yake alikuja akasimama nyuma yake.

"Ulipokichukua kichupa hukujua kina nini, ingawa ulikatazwa kugusa," alimwambia. "Lakini ulipojua ukanyamaza usiku kucha, hapo ndipo ulipokaribia kuziua seli hizi. Ukweli wako uliuwahi msumari wa baba yako kwa dakika moja tu. Mwanangu, ukikosea, sema saa ile ile, wakati bado kuna cha kuokoa."

"Ndiyo, Mama," Violeth alijibu. "Nilikudanganya. Nisamehe."

Mama alimshika bega. Kisha, kwa kuwa naye alikuwa hajaziona bado siku ile, akamwomba asogee kidogo ili azitazame.