Baba wa Kwenye Insha

"Usiniambie ulisaidiwa," mama alisema. "Kusaidiwa ni kushikiwa ngazi. Wewe hata ngazi hukuikanyaga."

Dada alijibu kwamba darasa zima hufanya hivyo, na kwamba mwalimu mwenyewe amempa alama kumi na tisa kati ya ishirini. Mama hakumtazama. Alikuwa bado ameshika mkasi. Sare ya mteja ilikuwa mezani, nusu imekatwa, na juu yake ilikuwa insha ya Dada.

Chanzo cha ugomvi kilikuwa Kijino, mdogo wake Dada wa miaka sita, aliyepachikwa jina hilo tangu meno ya mbele yalipomtoka. Alikuwa akiokota vifungo sakafuni, mara akaanza kughani: "Baba yangu alikuwa na sauti nyororo kama maji ya kijito. Kila jioni aliniimbia mpaka nikalala." Mama alipomuuliza nani kamfundisha, alijibu kwa fahari kuwa ni insha ya Dada. Husomewa kila wakitoka shule, na ameshaikariri yote. Mama akamtuma nje akacheze.

Baba yao alikuwa fundi rangi. Alifariki Kijino akiwa na miezi minne. Tena alikuwa na kigugumizi. Salamu tu ilimtoa jasho, na kuimba hakuwahi.

Dada alieleza kwamba aliandika kwenye simu ya mama: nitungie insha kuhusu marehemu baba yangu, iguse moyo. Programu ya akili mnemba ikamaliza kabla hajakaa sawasawa.

"Kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Nilikuuliza, mama. Mara mbili. Ya kwanza uliniambia nikaoshe vyombo. Ya pili ulilia."

Mama aliweka mkasi chini. Alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Hapo nimekosa, sikwepi," alisema hatimaye. "Nilikunyima, ukaenda kuomba kwa kitu kisichomjua. Lakini nawe ulijua si kweli, ukamsomea mdogo wako. Kwa mwalimu tutakwenda kesho asubuhi, ukamwambie mwenyewe, alama azichukue. Ya Kijino haingoji kesho. Tumempa baba wa kubuni, na kila siku anazidi kumpenda. Mashine itakupangia maneno, mwanangu, wala si dhambi kuiuliza hesabu au maana ya neno. Ila kumkumbuka baba yako haiwezi. Hiyo kazi ni yetu."

"Atalia."

"Atalia, na sisi tutalia. Mwite."

Kijino aliingia na magoti yenye vumbi, akakaa juu ya gunia la vipande vya nguo. Dada alichuchumaa mbele yake. Alimwambia insha hakuitunga yeye, iliandikwa na simu, na simu haikumjua baba. Zile nyimbo hazikuwapo.

Kijino alimgeukia mama, akingoja amkanushe Dada. Mama aliitikia kwa kichwa kwamba ni kweli.

"Hakuniimbia hata siku moja?"

"Hata siku moja," Dada alisema.

Mtoto hakupiga kelele. Midomo ilimcheza tu, machozi yakashuka, akayafuta kwa gauni. "Basi alinifanyia nini?"

Dada naye akaanza kulia. Mama alivuta kiti, akakaa katikati yao.

"Siku uliyozaliwa," alimwambia Kijino, "baba alitoka kazini mikono imejaa rangi. Akaogopa kukushika. Alijisugua kwa mafuta ya taa mpaka ngozi ikamchubuka, akanawa kwa sabuni mara tatu, ndipo akakubeba. Alikubeba mpaka mikono ikamfa ganzi, na kukuweka chini hataki."

Kijino aliuliza kama alikuwa mzito. Mama alisema alikuwa mwepesi kama mkate.

Dada alifungua daftari ukurasa mpya, akamwomba mama arudie polepole, akaanza kuandika.