Mikanda Laini Niliyomshonea Mume Wangu

"Fundi! Mkanda wako umeachia! Njoo, mtu anakufa huku!"

Jamani... mkasi uliniponyoka, ukanikosa kidole kidogo tu.

Aliyepiga simu ni msimamizi wa ghala la vigae, mtaa wa pili kutoka kibandani kwangu. Mimi ni fundi cherehani. Na huyo "mtu" anayekufa ni mume wangu!

Nilikimbia na futi shingoni. Kandambili moja niliiacha njiani.

Ngoja niwaeleze kidogo. Pale ghalani wabebaji wanavaa miguu ya chuma. Ni fremu unayojifunga kuanzia kiunoni hadi kwenye kiatu, ina mota magotini, inakunyanyua. Mtu anapanda na katoni tatu za vigae huku anapiga mluzi!

Tatizo lilikuwa mikanda ya mapajani. Migumu, inauma. Nikamshonea mume wangu mingine ya sponji na kitambaa laini. Wenzake wakaiona, wakaililia. Nikapewa kazi ya kuwashonea wote arobaini. Hapo nilijiona nimefika!

Haya, turudi ghalani.

Nilimkuta juu kabisa ya ngazi ya chuma, kipandio cha kumi na tano, ameng'ang'ania bomba la pembeni. Fremu ilikuwa imeteleza hadi chini ya magoti na mota zimejizima. Miguu ilimtetemeka mpaka ngazi yote inalia.

"Baba Mapacha, shuka!"

"Siwezi."

"Huwezi vipi?"

"Mama Mapacha... miguu haipo."

Miguu naiona kwa macho yangu, miwili!

Msimamizi akanifokea mbele za watu.

"Umetuletea kimeo! Mikanda yako inalegea, huyu ni wa tatu wiki hii!"

Nilipanda. Naogopa urefu tangu utotoni, lakini siku hiyo niliogopa zaidi kubaki chini nikitazama.

Nilimkuta amelowa jasho, midomo imemkauka.

"Kaa."

"Nikikaa sitainuka."

"Nani kakwambia uinuke? Kaa!"

Tukaifungua ile fremu, tukaanza kushuka kwa makalio, kama mapacha wetu walivyoshuka kitandani kabla hawajajua kutembea. Mimi natangulia, namshika kisigino, namwekea mguu kwenye kipandio. Kimoja... kingine...

Kwenye kipandio cha saba goti likamwishia nguvu.

Akanijia mzimamzima! Nilidaka bomba, kucha mbili zikavunjika hapohapo. Tukakwama hapo, tunahema.

Tulipofika chini msimamizi akaanza tena.

"Mikanda yako inanyooka! Ushonaji gani huu?"

Nikavuta futi. Nikaupima mkanda mbele yake. Haukuongezeka hata sentimita moja, uko vilevile nilivyoukata.

Sasa umelegeaje?

Nikaizungusha ile futi kwenye paja la mume wangu.

Miezi mitano nyuma niliandika daftarini sentimita hamsini na sita. Leo hamsini na moja!

Nikapima tena. Hamsini na moja.

"Wewe njoo hapa. Na wewe. Na wewe!"

Niliwapima wanne. Wote wamepungua! Vijana wenye mabega kama milango, mapaja yamenywea, wala hawana habari.

Mkanda haukulegea, jamani. Nyama ndiyo iliyokwisha.

Dada mhandisi anayehusika na zile mashine akaitwa. Alipofika hakunifokea. Aliubonyeza mkanda wangu kwa kidole gumba.

"Nani kashona?"

"Mimi."

"Wanavaa kwa muda gani?"

"Asubuhi mpaka jioni."

Akakaa juu ya katoni.

"Mota ikifanya kazi yote, msuli wa paja unalala. Ukilala kila siku unapungua. Mwongozo unasema masaa mawili, halafu vua, tumia miguu yako."

"Mbona mwanzoni hawakudhurika?"

"Mwanzoni mikanda ilikuwa inawauma, dada yangu. Walikuwa wanavua wenyewe."

Nilielewa kabla hajamaliza. Ni mimi! Sponji langu, kitambaa changu laini, mapenzi yangu yote... ndivyo vilivyowafanya wasahau kuvua!

"Na sisi tumekosea," akasema. "Tuliweka onyo kwenye karatasi, karatasi ikabaki sandukuni. Ilitakiwa mashine yenyewe ipige kengele na kugoma."

Lakini hilo halikuniumiza kama la nyumbani.

Nilimkalisha mume wangu kwenye kochi, nikapiga magoti, nikalia.

"Nimekumaliza miguu, Baba Mapacha."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Miezi miwili sasa. Chooni siinuki bila kushika ukuta."

Kumbe ndiyo maana alikuwa analala na suruali! Ndiyo maana akioga anafunga mlango kwa ufunguo!

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, wangekurudishia mikanda yote. Ulikuwa unaimba kwenye cherehani... Nilikuwa sijakusikia ukiimba tangu mama yako afariki."

Mungu wangu! Na mimi nilikuwa nimeshapekua simu yake mara mbili natafuta mchepuko!

Asubuhi nilirudi ghalani na wembe, nikaichana mikanda ya wote arobaini. Wabebaji walinitukana, nikawaacha watukane. Siku hizi mashine inajizima kila baada ya masaa mawili, mtu akubali asikubali.

Mume wangu anafanya mazoezi ya kuinuka kwenye kiti bila kushika. Leo kaweza mara nne. Ya tano magoti yalicheza, nikawa nyuma yake nimefungua mikono. Wanasema nguvu zitarudi polepole. Nataka kuamini, ila naogopa.

Akina dada, mtu wako akianza kufichaficha, kabla hujaishika simu yake mtazame anavyoinuka kwenye kiti.

Na wewe unayeficha maumivu ili mwenzako asiumie... sema mapema! Ile kazi ningeililia siku tatu tu. Miguu yake naililia mpaka leo.